Joto, Kanieneo na Umri: Safari ya Miamba ya Uluguru

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Morogoro mbele ya walimu, wanafunzi, wachimbaji wadogo na wananchi

   Nimepewa muda wa saa moja, nami nitajitahidi nisiuvuke, maana najua wapo wanaorudi mbali.

Mada hii ina haki ya kuzungumzwa Morogoro kuliko miji mingi. Tukitoka nje ya ukumbi huu na kuinua macho, tunaiona milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Tunaijua kwa maji, kwa kuwa Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia huko. Tunaijua kwa misitu yake, kwa ndizi na mboga zinazoshushwa sokoni kila alfajiri. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba miamba inayoijenga milima hiyo iliwahi kukaa kilomita 35 hivi chini ya ardhi, katika joto lililozidi nyuzi 800, takribani miaka milioni 640 iliyopita.

Mtu ana haki ya kuuliza tumejuaje. Shimo refu kuliko yote lililopata kuchimbwa na binadamu kwenda chini moja kwa moja, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262. Hakuna aliyeshuka kilomita 35 akarudi na habari. Miamba yenyewe ndiyo iliyorudi, na habari imo ndani yake.

Nia yangu leo ni kueleza jinsi miamba ya namna hii, ambayo wataalamu huiita metamofiki, yaani miamba iliyobadilika, inavyohifadhi mambo matatu: joto, kanieneo na umri. Aidha, nina rai ambayo nitaitetea mpaka mwisho. Mambo haya matatu hayana budi kusomwa pamoja. Kitabu cha shule kinaposema mwamba fulani una umri wa miaka milioni 640, kisha kikanyamaza, hakijamwambia mwanafunzi umri huo ni wa tukio gani, wala mwamba ulikuwa kina gani tukio hilo lilipotokea. Mwanafunzi amebaki na namba ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Hoja ya kwanza: Mwamba hubadilika ukiwa mgumu

Watu wengi hudhani kwamba ili mwamba ubadilike ni lazima uyeyuke kwanza. Ukiyeyuka kisha ukaganda, unakuwa mwamba wa moto, kama zile lava za Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai. Mwamba metamofiki hubadilika ukiwa bado mgumu. Atomu zinahama punje kwa punje, madini ya zamani yanavunjika, mapya yanakua mahali pake, na kazi hiyo huchukua maelfu na mamilioni ya miaka.

Matope ya chini ya bahari, yakifunikwa na kugandamizwa, huwa mwamba laini wa tabaka. Yakizidi kushuka huwa sleti. Yakiendelea hupata ulanga mwingi unaometameta, na mwamba huo unaitwa shisti. Yakifika kina kirefu zaidi huwa gnaisi, ule mwamba wa mistari myeupe na myeusi ambao mmeuona kwenye kingo za barabara hapa Morogoro. Mawe ya chokaa huwa marumaru. Mchanga huwa kwatziti.

Mambo mawili makuu huongoza mabadiliko haya. La kwanza ni joto. Katika sehemu nyingi za mabara, kila ukishuka kilomita moja joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30. La pili ni kanieneo, yaani uzito wa miamba iliyoko juu ukigandamiza iliyoko chini. Hewa inayotukandamiza tukiwa pwani ni bari moja. Ukishuka kilomita tatu na nusu hivi ndani ya mwamba, unafikia kilobari moja, mara elfu ya hiyo.

Naomba msikilize hapa kwa makini, kwa sababu yote yanayofuata yanategemea jambo hili. Joto na kanieneo haviongezeki kwa uwiano uleule kila mahali. Penye uji wa moto uliopenya karibu na uso wa ardhi, mwamba hupata joto kali na kanieneo dogo. Mahali ambapo sakafu ya bahari inazama kwa haraka chini ya bara, mwamba uliokuwa baridi hushuka kina kirefu kabla haujapata wasaa wa kupata moto, kwa hiyo hupata kanieneo kubwa na joto la chini kuliko tungelitarajia. Tukijua vyote viwili, tunaweza kukisia mwamba ulibadilika katika mazingira gani. Tukijua kimoja tu, hatuwezi.

Hoja ya pili: Madini ndiyo vipimo vyetu

Mwaka 1893 mtaalamu wa Uingereza, George Barrow, alichapisha kazi aliyoifanya kwenye nyanda za juu za Uskoti. Alitembea juu ya miamba iliyokuwa matope zamani, akagundua kwamba madini yaliyomo yanabadilika kwa mpangilio kadiri anavyotoka upande mmoja kwenda mwingine. Penye stauroliti hapakuwa kama penye kyaniti, na penye kyaniti hapakuwa kama penye silimaniti. Akachora mistari kwenye ramani kufuata madini hayo. Bila kuwa na kipimajoto cha aina yoyote, alikuwa amechora ramani ya joto la kale. Zaidi ya miaka ishirini baadaye Pentti Eskola wa Finland alilipanua wazo hilo akaonesha kwamba kundi zima la madini ndani ya mwamba, likisomwa pamoja, linaonesha joto na kanieneo kwa wakati mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa madini matatu yenye kemia moja. Chukueni alumini, silikoni na oksijeni kwa kiasi kilekile. Kanieneo likiwa dogo, na joto likiwa la wastani, huundwa andalusiti. Kanieneo likizidi, atomu zilezile hubanana zaidi na kuwa kyaniti, madini marefu ya samawati. Joto likizidi, hujipanga upya na kuwa silimaniti, ambayo mara nyingi huonekana kama nyuzi nyembamba nyeupe. Maeneo ya madini haya matatu hukutana karibu na nyuzi 500 na kilobari 4, sawa na kina cha kilomita 14 hivi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeokota jiwe lenye kyaniti anaweza kusema jambo la kweli kuhusu kina ambacho jiwe hilo lilipita, hata kama hana maabara. Wenzetu wa Taita, nchini Kenya, waliwahi kuichimba kyaniti kwenye kilima cha Murka kwa ajili ya matofali ya tanuru yanayostahimili moto mkali. Madini yaliyozaliwa katika joto kubwa yakarudishwa kwenye kazi ya joto kubwa.

Ramani za namna ya Barrow hutuambia wapi joto lilikuwa zaidi na wapi lilikuwa pungufu. Kupata namba kamili kulihitaji majaribio. Mwaka 1978 Wamarekani John Ferry na Frank Spear walipasha garneti na ulanga mweusi pamoja katika maabara, wakapima jinsi madini hayo mawili yanavyogawana chuma na magnesi. Joto likipanda, garneti huchukua magnesi nyingi zaidi. Kwa hiyo tukipima leo mgawanyo huo ndani ya jiwe, tunasoma joto la siku ugawanaji uliposimama. Kwa kanieneo tunatazama kalisi: kina kikiongezeka, kalisi hutoka kwenye feldispa na kuingia kwenye garneti, kwa sababu garneti imebanana zaidi.

Sasa turudi Uluguru. Miamba mingi ya huko ni ya kundi la granuliti. Ina garneti, ina pairoksini, ina feldispa, na ulanga umebaki mchache kwa kuwa maji yaliyokuwamo ndani yake yalifukuzwa na joto. Vipimo vya madini hayo, pamoja na vya granuliti za Usambara na Upare, vinatoa joto la nyuzi 800 na zaidi, na kanieneo la kilobari 10 hivi. Kilobari 10 ni kilomita 35.

Naomba niondoe dhana moja ambayo nimeikuta hata kwa walimu. Urefu wa Uluguru tunaouona leo si mabaki ya kilele cha milima ya kale. Milima ya kale ililika yote, ikachukuliwa na mito, ikawa mchanga na matope ya mahali pengine. Milima ya leo iliinuka baadaye sana, ukoko wa dunia ulipopasuka na vipande vyake kupanda na kushuka. Tunachokikanyaga tunapopanda Uluguru ni kilichokuwa mizizi.

Hoja ya tatu: Kwa nini habari haifutiki wakati wa kurudi juu

Swali la haki linafuata. Kama madini hubadilika yakishuka, kwa nini yasibadilike tena yakipanda, mpaka yawe udongo kama yalivyokuwa mwanzo?

Fikirini chungu. Udongo mbichi ukitiwa maji unafinyangika utakavyo. Ukishachomwa, maji yaliyoshikamana na udongo yametoka, na hata ukikiloweka chungu hicho mwaka mzima hakirudi kuwa udongo. Ndivyo mwamba ulivyo. Wakati wa kushuka, joto linayafukuza maji kutoka kwenye madini, na maji hayo hupanda juu kupitia nyufa. Wakati wa kurudi juu mwamba ni mkavu, na joto linapungua. Bila maji na bila joto atomu hazihami kwa urahisi, na madini ya kilindini hubaki yalivyo. Pale tu ambapo maji yamepenya tena, kando ya nyufa, ndipo tunaona madini yakigeuka nusunusu.

Mwaka 1984 Mfaransa Christian Chopin alieleza jiwe kutoka Dora-Maira katika milima ya Alps, upande wa Italia. Ndani ya garneti alikuta mabaki ya koesiti, aina ya silika inayohitaji kina cha kilomita 90 hivi au zaidi ili iundwe. Garneti ngumu ilikuwa imeizingira silika hiyo, ikaizuia isipanuke na kugeuka kwatzi yote. Kabla ya hapo, wengi hawakuamini kwamba mwamba wa uso wa bara unaweza kuzama kina hicho kisha ukarudi.

Nasi tunayo ya kwetu. Katika ukanda wa Usagara, upande wa Isimani mkoani Iringa, kuna eklojiti, mwamba mzito wa garneti nyekundu na pairoksini ya kijani. Vipimo vyake vinaonesha kilobari 18 na joto la nyuzi 750 hivi. Kina hicho kinapita kilomita 60, na kwa kina hicho joto lake ni dogo, dalili ya sakafu ya bahari iliyozama upesi. Umri wake ni miaka bilioni 2. Mwaka 1995 matokeo hayo yalipochapishwa, eklojiti za Isimani zilikuwa miongoni mwa za kale zaidi kujulikana duniani, na zilitumika kama ushahidi kwamba mabamba ya gandunia yalikwishaanza kuzama moja chini ya jingine wakati huo. Wanafunzi mlioketi nyuma, jiwe hilo liko safari ya siku moja kutoka hapa. Wataalamu wanatoka mabara mengine kuja kulitazama.

Hoja ya nne: Saa nyingi ndani ya jiwe moja

Nimefika kwenye umri, na hapa nitakaa zaidi.

Atomu za elementi fulani huoza zenyewe kwa mwendo usiobadilishwa na joto wala kanieneo la ukoko wa dunia. Urani 238 huishia kuwa risasi 206, na nusu yake huwa imekwisha baada ya miaka bilioni 4.47. Urani 235 huishia kuwa risasi 207, na nusu yake huisha kwa miaka milioni 704. Sehemu ya potasiamu 40 huwa argoni, na nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25. Tukipima kilichobaki na kilichozalishwa, tunapata muda.

Morogoro ina nafasi katika historia ya elimu hii, na nasikitika kwamba haifundishwi. Mwanzoni mwa karne ya 20, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, fuwele nyeusi na nzito za madini ya urani zilipatikana katika mishipa ya miamba yenye ulanga hapa Uluguru, zikapelekwa Ulaya. Wanakemia Stefanie Horovitz na Otto Hönigschmid walizipata. Wakati huo, kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia na mwanzoni mwake, wanasayansi walikuwa wakibishana iwapo elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti. Wawili hao walitoa risasi iliyokuwa ndani ya jiwe la Morogoro, wakaisafisha kwa uangalifu mkubwa, wakaipima. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu wa 207.2. Ya Morogoro ilitoa takribani 206.05. Ilikuwa risasi ileile kwa kemia, lakini uzito haukulingana, kwa sababu karibu yote ilizaliwa na urani. Kazi yao ilikuwa miongoni mwa ushahidi thabiti wa kwanza wa kuwapo kwa isotopi, na bila isotopi hakuna upimaji wa umri wa miamba kama tuujuavyo. Horovitz baadaye aliuawa na utawala wa Kinazi kwa kuwa alikuwa Myahudi. Jina lake linastahili kutajwa katika mji huu.

Mwingine anayestahili kutajwa ni mwanajiolojia wa Uingereza, Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alichapisha umri wa miamba aliouhesabu kwa urani na risasi. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji na kampuni ya kutafuta madini, akaugua homa kali, akarudi kwao na mawe. Hakuisahau nchi ile. Mwaka 1951 ilichapishwa kazi yake inayoonesha kwamba miamba ya Msumbiji, ya mashariki mwa Tanzania na ya Kenya ni ya ukanda mmoja wa milima ya kale, akauita Ukanda wa Msumbiji. Uluguru, Usambara, Upare na Taita zote zimo.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja. Saa ya atomu haikosei mwendo, lakini haianzi kuhesabu mpaka madini yapoe kiasi cha kuzuia mazao yake yasitoroke. Argoni ni gesi. Ndani ya ulanga wenye joto la nyuzi 500 hutoka na kupotea, na saa inasoma sufuri kila siku. Ulanga mweusi ukipoa kufikia nyuzi 300 hivi, argoni inanaswa, na hesabu inaanza. Ulanga mweupe huanza mapema kidogo, karibu na nyuzi 400. Hornblendi huanza kati ya nyuzi 500 na 550. Monaziti, kwa urani na risasi, hushika risasi yake hata katika joto linalopita nyuzi 700. Zirkoni hustahimili zaidi ya nyuzi 900. Apataiti, ikisomwa kwa alama zinazoachwa na urani inapopasuka, huanza kuhesabu chini ya nyuzi 110 hivi, yaani mwamba ukiwa umebakiza kilomita chache tu kufika juu.

Mnaona matokeo yake. Jiwe moja linatoa umri mwingi, na wote ni wa kweli. Umri wa monaziti wa granuliti za mashariki mwa Tanzania unazunguka miaka milioni 640. Umri wa ulanga wa jiwe lilelile ni mdogo zaidi, kwa sababu ulanga ulianza kuhesabu baadaye. Tukiweka kila umri mbele ya joto lake, tunapata kasi ya kupoa. Kwa granuliti hizi kasi hiyo imekadiriwa kuwa nyuzi 2 hadi 5 kwa kila miaka milioni moja. Kupoa nyuzi 100 kulihitaji kati ya miaka milioni 20 na milioni 50.

Kazi hii ilikuwa na mkono wa Watanzania. Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha na wenzake mwaka 1989 vipimo vya argoni vya kupoa kwa granuliti za Uluguru. Sospeter Muhongo, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kama Waziri wa Nishati na Madini, ni mwanajiolojia aliyeutafiti ukanda huuhuu kwa miaka mingi.

Niongeze kuhusu zirkoni, maana inashangaza. Fuwele moja, ndogo kuliko punje ya mchanga, inaweza kuwa na kiini cha zamani na tabaka jipya lililoota juu yake wakati mwamba ulipopashwa tena. Upande wa magharibi wa Ukanda wa Msumbiji, kuelekea nchi kavu ya kale ya katikati ya Tanzania, hupatikana zirkoni zenye viini vya miaka inayopita bilioni 2.5. Atakayeponda jiwe zima na kupima zirkoni zake zote kwa pamoja atapata wastani wa matukio mawili, na wastani huo si umri wa tukio lolote.

Hoja ya tano: Mambo matatu yakiunganishwa huonesha njia

Kilobari 10, nyuzi 800, miaka milioni 640: hiyo ni nukta moja tu kwenye safari. Tunataka kujua mwamba ulifikaje hapo na ulitokaje.

Milima inayotokana na mabara kugongana, kama Himalaya, huwa na desturi yake. Ukoko hukunjana na kuwa mnene, kisha mwamba hurudi juu ukiwa bado na moto, na kanieneo hupungua kabla joto halijapungua sana. Granuliti za Uluguru, Usambara na Upare zinaonesha jambo jingine. Kwenye mipaka ya pairoksini na feldispa iliota garneti mpya, kama ukosi mwembamba. Garneti hiyo ni dalili kwamba mwamba ulipoa ukiwa bado kilindini, kwenye kanieneo karibu lilelile. Baadhi ya watafiti walichukua ushahidi huo, mwaka 1998, wakasema mgongano wa mabara hautoshi kuwa chanzo cha joto la miamba hii. Wakaelekeza kwenye uji wa moto uliopanda na kujilaza chini ya ukoko, ukaupasha na kuunenepesha kutoka chini. Wengine wanauona mgongano wa vipande vilivyounda bara kuu la kale la Gondwana kuwa sababu kuu ya ukanda mzima. Mimi naona ushahidi wa ukosi wa garneti pamoja na kupoa polepole una uzito mkubwa, na maelezo yoyote ya mgongano lazima yaujibu. Angalieni kwamba ubishi huu usingekuwapo kama tungelikuwa na umri pekee.

Wachimbaji, sasa ni zamu yenu. Tanzanaiti ya Mererani, iliyoingia sokoni baada ya ugunduzi wa mwaka 1967, iko ndani ya gnaisi zenye kinywe. Kinywe ni kaboni. Mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita kaboni hiyo ilikuwa mabaki ya viumbe ndani ya matope meusi ya bahari, na vanadi inayoipa tanzanaiti rangi yake ilikuwa imo ndani ya matope hayohayo. Umri wa tanzanaiti umekadiriwa kuwa miaka milioni 585 hivi, mdogo kwa makumi ya mamilioni kuliko kilele cha joto la ukanda. Kwa hiyo kito hicho kiliota wakati miamba inapoa, kikifuata nyufa na vimiminika vya moto vilivyopita humo. Mchimbaji anayejua hilo atatafuta mikunjo na nyufa, hatatazama aina ya mwamba tu. Tsavoriti ya Mererani na ya Taita Taveta, kinywe cha Mahenge, spineli za Mahenge na Matombo zilizomo katika marumaru, vyote ni mazao ya ukanda huu na joto hili. Mpaka wa Tanzania na Kenya uliwekwa juu ya miamba iliyokwisha kuwa kitu kimoja.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, saa yangu inakwisha. Sehemu kubwa ya namba nilizozitaja leo zilipimwa Ulaya na Australia, kwa sababu mitambo ya kupima isotopi ni ghali na huhitaji watu waliofunzwa kwa muda mrefu. Naamini wakati umefika kwa nchi za Afrika Mashariki kuchangia maabara moja iliyo kamili, itakayotumiwa na vyuo vyote vya kanda, badala ya kila nchi kungoja kuwa na ya kwake. Ukanda ni mmoja, na watafiti wake wanaweza kukaa meza moja.

Kuna kazi isiyohitaji kungoja maabara. Kila mwaka makampuni na wachimbaji wadogo hutoboa miamba na kutoa nguzo za mawe kutoka chini, na kila mwaka nyingi hutupwa au hupoteza maandishi yake. Jiwe lisilojulikana lilikotoka haliwezi kusomwa kina chake wala kupimwa umri wake kwa faida ya mtu yeyote. Naomba halmashauri zetu, kwa kushirikiana na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, ziweke ghala la mawe kila mkoa wenye machimbo. Walimu, anzeni na sanduku moja darasani: gnaisi, marumaru, ulanga, kinywe, na punje za garneti kutoka kwenye mchanga wa mito yetu. Na kila atakayeokota jiwe kuanzia kesho, aandike tarehe, jina la mahali na kina alichochimba kabla ya kuliondoa pale lilipokuwa.